Rosa Parks hakuchoka miguu, na hadithi nyingine za Marekani tulizomezeshwa nzima nzima

Hadithi tunaijua wote. Mama mzee mweusi, fundi cherehani, katoka kazini hoi miguu inamuuma, kapanda basi kakaa siti ya wazungu, dereva kamwambia nyanyuka kagoma, polisi wakambeba, weusi wakasusa mabasi, mara akatokea mchungaji Martin Luther King akasema ana ndoto, wazungu roho zikalainika, ubaguzi ukaisha. Tamu na fupi, mtoto unamsimulia mpaka anasinzia. Ila karibu kila kipande hapo kimepinda, na kimepindia upande mmoja: kazi ya watu wengi waliojipanga miaka na miaka inageuzwa muujiza wa watu wawili.

Tuanze na huyo mama mzee. Siku ile, Desemba 1, 1955, pale Montgomery, Alabama, Rosa Parks alikuwa na miaka 42. Mzee wa wapi! Na mwenyewe baadae aliandika kabisa kwamba mwilini hakuwa amechoka kuliko siku nyingine yoyote, kilichomchosha ni kukubali kuonewa. Na siti ya wazungu hakukaa. Mabasi ya kule siti za mbele zilikuwa za wazungu, nyuma weusi, katikati weusi wanaruhusiwa kukaa ila wazungu wakijaa dereva anawanyanyua. Yeye alikuwa hapo katikati, mstari wa kwanza wa weusi. Mzungu mmoja kakosa siti, dereva akataka watu wanne wote wa ule mstari wasimame, kwa sababu mweusi hakutakiwa kukaa mstari mmoja na mzungu. Watatu wakasimama, Rosa akabaki. Kumbe hata sheria ndogo ya mji wenyewe ilisema abiria asilazimishwe kunyanyuka kama hakuna siti nyingine ya kuhamia, madereva ndio walikuwa wanaipuuza. Na dereva huyo huyo, James Blake, walishagombana mwaka 1943. Unajua utaratibu ulikuwaje? Mweusi analipa nauli mlango wa mbele, halafu anashuka, anazunguka kuingilia mlango wa nyuma, na kuna madereva walikuwa wanaondoa gari kabla hajafika huko nyuma, hela umeshatoa umebaki unakula vumbi. Sisi wa daladala tunalalamika kwa konda kutorudisha chenji.

Halafu hakuwa mtu wa kuokotwa tu njiani. Alikuwa katibu wa tawi la NAACP pale mjini, chama cha kutetea haki za weusi, miaka ya 40 alishakwenda kufuatilia kesi ya mwanamke mweusi aliyebakwa na wazungu huko vijijini Alabama, na ile ile 1955, miezi michache kabla ya kukamatwa, alihudhuria mafunzo kwenye shule ya Highlander kule Tennessee ambapo weusi na weupe walikaa pamoja wakijifunza namna ya kupambana na ubaguzi. Sio kwamba siku ile ilipangwa, hapana, ila aliyebaki kwenye siti alikuwa mtu anayejua anachokifanya, na ukimwita bibi aliyechoka unamshusha, hata kama nia yako ilikuwa kumsifia.

Wala hakuwa wa kwanza. Machi 2, 1955, miezi tisa kabla yake, mwanafunzi wa miaka 15 anaitwa Claudette Colvin aligoma kunyanyuka humo humo kwenye mabasi ya Montgomery, polisi wakamkokota wakamfunga pingu. Viongozi wa weusi wakamwangalia wakaona hapana, mtoto mdogo, familia ya hali ya chini, ana jazba, na baadae akapata ujauzito, wakahofia magazeti ya wazungu yatamla nyama. Ukatili? Kiasi. Lakini ndio inakuonyesha watu walikuwa wanatafuta kesi, wanapima nani atasimama mahakamani asichafuliwe, tofauti kabisa na ile picha ya hasira kulipuka siku moja kama jiko la gesi.

Sasa mgomo wenyewe. Watu wanadhani King ndiye aliyeuitisha. King alikuwa na miaka 26, mgeni mjini, hana hata miaka miwili pale kanisani kwake, na moja ya sababu za kumpa uongozi ni huo ugeni, hakuwa na maadui wala deni la fadhila kwa mtu. Aliyeusukuma mwanzo ni mwalimu wa chuo, Jo Ann Robinson, kiongozi wa umoja wa akina mama. Usiku ule ule Rosa kakamatwa, yeye na wanafunzi wake wawili walijifungia chuoni na mashine ya kudurufu, ile wazee wetu walimu walikuwa wanachapia mitihani, wino mpaka kwenye viwiko, kufika asubuhi wana makumi ya maelfu ya vipeperushi vya kuwaambia watu Jumatatu msipande basi. Na alifanya kwa vifaa vya chuo cha serikali! Angebambwa kazi hana.

Na hapa kuna kitu wengi hakijawafikia. Madai ya kwanza ya mgomo hayakuwa kufuta ubaguzi kwenye mabasi. Walidai madereva wawe na adabu, watu wakae kwa kuwahi, weusi wakianzia nyuma wazungu wakianzia mbele bila kunyanyuana, na madereva weusi waajiriwe kwenye ruti za weusi. Basi! Uongozi wa mji ungekubali hayo mambo madogo huenda yangeishia hapo, wakakaza shingo, wakapiga kesi waandaaji wa mgomo, nyumba ya King ikalipuliwa bomu Januari 30, 1956 mke na mtoto wakiwa ndani, nao weusi wakapandisha dau.

Siku 381 watu hawakupanda basi. Mnazionaje siku 381, kwa mguu, kwa mfanyakazi wa ndani anayekaa upande mmoja wa mji na anapika upande mwingine? Waliweza kwa sababu waliunda usafiri wao, magari binafsi kama mia tatu, vituo, ratiba, watu wa kuyapanga. Na mafuta yanataka hela. Kuna mama mpishi, Georgia Gilmore, huyu ndio kipenzi changu katika habari nzima, alifukuzwa kazi baada ya kutoa ushahidi kwenye kesi ya King, akajikita kupika kwake. Yeye na akina mama wenzake walikuwa wanauza sandwichi za kuku, keki, milo ya mchana, wakiuza saluni na makanisani, mpaka baadhi ya wazungu walinunua, hela inapelekwa kwenye mkutano wa mgomo. Kikundi chao kilikuwa na jina ambalo kwa Kiswahili ungesema Klabu Isiyotoka Popote, maana ukiulizwa hela imetoka wapi unajibu haijatoka popote, na hapo hujamtaja mtu wala kumponza. Mama ntilie ndio waliweka mafuta kwenye mapinduzi yale lakini kwenye sinema ya kichwani mwetu hawapo.

Na mwisho wa siku mgomo haukuimaliza kesi peke yake, na kesi ya Rosa Parks siyo iliyoshinda! Mawakili waliona kesi yake itazungushwa kwenye mahakama za jimbo mpaka izeeke. Wakili kijana Fred Gray akafungua nyingine kwenye mahakama ya shirikisho, Browder dhidi ya Gayle, yenye wanawake wengine wanne, Aurelia Browder, Susie McDonald, Mary Louise Smith na yule yule mtoto Claudette Colvin waliyesema hafai. Mahakama Kuu ya Marekani ikaipitisha Novemba 1956, amri ya kufuta ubaguzi kwenye mabasi ikafika Montgomery Desemba 20, kesho yake watu wakapanda mabasi. Rosa Parks alishapoteza kazi, mwaka 1957 akahamia Detroit.

Dhana nyingine ni kwamba King alipendwa na Wamarekani wote. Leo sanamu, leo sikukuu ya taifa, kila mwanasiasa ana nukuu yake. Mwaka 1966 kampuni ya Gallup iliuliza wananchi, asilimia 63 wakasema hawamkubali. Sitini na tatu! FBI, wapelelezi wa serikali, walikuwa wanasikiliza simu zake, na kibali kilisainiwa na Robert Kennedy, mdogo wake rais John Kennedy, ambaye nae tunamchukulia rafiki wa weusi bila kuuliza maswali. Aprili 4, 1967 King akasimama kanisani New York akapinga vita ya Vietnam, magazeti makubwa yakamgeukia, na mwaka mmoja baadae tarehe ile ile akapigwa risasi Memphis, alipokwenda kuunga mkono mgomo wa wazoa taka wa mji ule. Mtu aliyeuawa akidai mishahara ya wazoa taka, sisi tumebakiwa na ndoto.

Hata ule mkutano wa ndoto, Agosti 28, 1963, watu kama 250,000 Washington, jina lake rasmi ulikuwa maandamano ya Ajira na Uhuru, ajira imetangulia. Walidai kima cha chini dola 2 kwa saa wakati sheria ilikuwa dola 1.15. Aliyepanga kila kitu, mabasi, vyoo, spika, mpaka maboksi 80,000 ya sandwichi za jibini, ni Bayard Rustin, na jina lake lilisukumwa nyuma kwa sababu alikuwa shoga na maadui walishaanza kulitumia hilo bungeni. Ipende usiipende, ndio ilivyokuwa. Na mwanamke hakupewa hotuba hata moja kubwa siku ile, baada ya yote tuliyoyaona Montgomery.

Kuna wanaoamini ubaguzi ulikuwa mambo ya kusini tu, kaskazini kulikuwa na unafuu. Hapana. Kusini ubao ulikuwa ukutani, kaskazini ulikuwa kwenye makaratasi ya benki. Tangu 1934 serikali ilikuwa inadhamini mikopo ya nyumba, yaani wewe ukishindwa kulipa benki haipati hasara, ila mitaa ya weusi kwenye ramani ilipakwa nyekundu, huko dhamana hakuna, benki nayo haikopeshi. Mzungu kapata nyumba kwa mkopo nafuu, nyumba ikapanda bei, mwanae kasomeshwa nayo. Mweusi kalipa kodi ya pango mpaka kafa. Miaka sitini baadae mtu anauliza kwani hawa wenzetu mbona hawana mali. Februari 3, 1964 wanafunzi zaidi ya 460,000 wa New York waligomea shule kwa sababu ya shule kutenganishwa kwa rangi, idadi inayozidi yale maandamano ya Washington karibu mara mbili, mwandaaji tena Rustin, na wangapi mmewahi kuisikia? Na Agosti 1966 King aliandamana Chicago akapigwa jiwe la kichwa, akasema hata Mississippi na Alabama hajaona kundi lenye chuki kama lile.

Malcolm X, mwanaharakati mwingine mweusi wa zama zile, nae anachorwa kama upande wa pili wa King, mmoja amani mwingine bunduki. Alisema watu wajilinde wakishambuliwa, hilo kweli, ila hakuna shambulio aliloliongoza. Walikutana mara moja tu, Machi 26, 1964, pale bungeni, wote wamekuja kusikiliza mjadala wa muswada wa haki za kiraia, wakapeana mikono dakika chache wakatawanyika. Mwaka huo huo Malcolm alifika Dar es Salaam na kukutana na Nyerere, na Desemba akampandisha Abdulrahman Babu wa Zanzibar jukwaani Harlem, New York, ukumbi wa Audubon, ule ule aliouliwa Februari 1965. Watu watatu walifungwa kwa mauaji hayo, wawili kati yao walikuja kusafishwa na mahakama mwaka 2021, mmoja akiwa ameshafariki.

Ya majirani zetu Kenya niiguse haraka, maana hii hata wasomi wanaikosea: kwamba Kennedy ndiye aliyelipia ndege ya wanafunzi ya mwanasiasa Tom Mboya iliyompeleka baba yake Obama Marekani. Ndege ya 1959 yenye wanafunzi 81 ilichangiwa na Wamarekani kibao wakiwemo Jackie Robinson wa besiboli, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Hela ya familia ya Kennedy, dola 100,000, ilikuja kwa safari za 1960, mwaka wa uchaguzi, kura za weusi zinatafutwa, mjumlishe wenyewe. Wangari Maathai alikuwa wa 1960. Baba yake Obama hakuwemo kwenye ndege ile ya 59, alikwenda Hawaii kwa njia zake, na Obama mwenyewe mwaka 2007 aliwahi kuisimulia kimakosa akiwa Selma, kwa hiyo msione aibu.

Nirudi kwa Claudette maana ananikaa kooni. Walipomhukumu 1955 walimweka chini ya uangalizi wa mahakama, na hakuna aliyekuja kumwambia uangalizi umekwisha. Akahamia New York, akawa anahudumia wagonjwa kwenye nyumba ya wazee Manhattan, miaka na miaka zamu za usiku, akirudi Alabama kusalimia ndugu roho zao juu juu asije akakamatwa. Rekodi ile ilifutwa mwishoni mwa 2021. Wakati huo alikuwa na miaka 82.