"Minor infraction" ni kosa la namna gani?

Ofisi nyingi za Dar es Salaam huongea Kiswahili kutwa nzima, ila ikifika zamu ya barua ya nidhamu zinahamia Kiingereza. Mfanyakazi ameitwa, amesemwa kwa Kiswahili, ameelewa vizuri kabisa. Jioni anakabidhiwa karatasi inayosema ametenda "a minor infraction". Analiona neno "minor", yaani dogo, anashusha pumzi. Anayejua kusoma barua za aina hiyo hatazami "minor" kwanza. Anauliza: amevunja kanuni ipi?

Maana ya neno imelala kwenye swali hilo. "Infraction" ni uvunjaji wa kanuni iliyokuwepo tayari. Chimbuko lake ni kitenzi cha Kilatini cha kuvunja, kilekile kilichowapa madaktari wa mifupa neno "fracture". Pasipo kanuni hakuna kilichovunjwa. Mtu asiyesalimia wenzake asubuhi ana kasoro ya malezi, na anaweza kuwa kero kwelikweli, lakini huwezi kumwandikia hivyo mpaka uonyeshe kifungu kinachomtaka asalimie. Uvivu, kiburi na kununa havimo humo. Kutovaa kitambulisho getini pale ambapo mwongozo wa wafanyakazi unataka kivaliwe, kumo.

"Minor" nayo inapima uzito wa uvunjaji wenyewe: madhara kiasi gani, adhabu kiasi gani. Haipimi nia. Konda aliyesahau sare nyumbani na konda aliyeiacha makusudi kwa sababu ya joto la Machi wamevunja kanuni ileile, na madhara yake kwa abiria hayatofautiani. Lakini chukua kukatisha ruti. Gari limeandikwa Makumbusho, likifika Mwenge linageuza, abiria wanaambiwa mwisho wa gari. Kwa dereva hilo ni jambo dogo la kila siku. Kwa mama mwenye mizigo aliyelipa nauli nzima si dogo hata kidogo. Mwandishi anayeripoti tukio hilo kwa Kiingereza na kuliita "minor infraction" ameshachukua upande bila kujijua. Aseme tu gari liligeuza kabla ya kituo cha mwisho, msomaji atapima mwenyewe.

Mahakamani tahadhari inazidi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inagawa makosa mafungu mawili, "felony", yaani makosa mazito, na "misdemeanour", yaani yaliyobaki. Fungu liitwalo "infraction" halimo. Kwa hiyo habari kutoka Kisutu inayosema mtu ameshtakiwa kwa "a minor infraction" imeazima lugha ya Marekani, ambako sheria ya shirikisho inalo fungu hilo kweli: ni kosa lisilo na kifungo, au lenye kifungo kisichozidi siku 5. Juu yake ndipo zinapoanza "misdemeanor", ambazo mwisho wake ni mwaka 1.

Usikimbilie basi kuweka "misdemeanour" ukidhani ndiyo Kiingereza chetu cha kosa dogo. Kwa sheria yetu hilo ni kosa lolote ambalo si "felony", na pale ambapo sheria haikutaja adhabu yake mahususi, kifungo kinaweza kufika miaka 2. Miaka 2 Segerea haiitwi midogo na mtu yeyote. Waingereza, ambao ndio waliotuachia mgawanyo huo, wenyewe waliufuta kwao mwaka 1967. Sisi bado tunao, na tunaandika na herufi u, si kama Wamarekani.

Barabarani neno salama ni "traffic offence". Dereva aliyeandikiwa faini na trafiki ametenda "offence", hata kama amemalizana nayo kwa kulipa bila kumwona hakimu. Bajeti ya 2021/22 ilipopunguza faini ya bodaboda na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa, kilichopungua kilikuwa pesa. Jina la kosa lilibaki lilelile.

Kuna mtego mwingine unaowanasa watafsiri: sheria ndogo. Machinga wa Kariakoo aliyekiuka sheria ndogo za halmashauri hajatenda lazima kosa dogo. Udogo wa sheria hizo unatokana na mamlaka inayozitunga kuwa chini ya Bunge. Kwa Kiingereza ni "by-laws", na aliyezivunja "has breached a by-law", basi.

Kuhusu sarufi hakuna mengi. Kitenzi chake ni "commit". "Did an infraction" na "made an infraction" ni Kiswahili kilichovaa tai. Kihusishi chake ni "of": "an infraction of the safety rules", wala si "on". Linahesabika, kwa hiyo linadai "an" au wingi. Na usilundike "small minor infraction" wala "petty minor infraction", udogo mmoja unatosha. Wapo wanaodai hata "minor" yenyewe ni ya ziada kwa kuwa "infraction" tayari ni ndogo. Sikubaliani nao. Mazoea yanaliegemeza neno kwenye udogo, lakini halijafungwa huko: chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, NCAA, kina Committee on Infractions inayosikiliza hata kesi nzito. "Minor" ina kazi yake.

Ndugu zake wa karibu wasichanganywe. "Infringement" hukaa zaidi kwenye haki ya mtu, kama pale wimbo unapotumika bila ruhusa ya mwenye hakimiliki. "Violation" ina sauti nzito zaidi. Kisha kuna "minor offender", ambayo ningeifuta kila ninapoiona: inaweza kuwa mtu mwenye kosa dogo, au mtoto wa chini ya miaka 18 mwenye kosa kubwa. Kwenye habari ya polisi mkanganyiko huo unaweza kuleta balaa.

Pale ambapo maneno haya mawili yana gharama halisi ni kwenye ajira. Kanuni za Utendaji Bora zilizotolewa kwa tangazo la serikali namba 42 la 2007 zinasema kosa la kwanza halihalalishi kumwachisha mtu kazi, isipokuwa ithibitike ni zito kiasi kwamba uhusiano wa kazi hauwezi kuvumilika tena. Sasa mwajiri anaandika "minor infraction" aya ya kwanza kwa sababu inasikika kistaarabu, na aya ya tatu anamwachisha kazi. Amejifunga kwa kalamu yake. Shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, upande wa pili utaanza kusoma hapohapo.

Mfanyakazi naye hujifunga kwa namna yake. Ametakiwa kujieleza, na kwa kutaka kupunguza makali anaandika "it was only a minor infraction". Anadhani amejitetea. Amekiri. Amesema kanuni ipo, ameivunja, kilichobaki ni kubishana ukubwa. Kama hakuivunja, au kanuni hiyo hakuwahi kuonyeshwa, neno hilo halipaswi kutokea popote kwenye barua yake. Aanze na ukweli wake: nilikuwa wapi, nilifanya nini, nani aliniruhusu. Ombi la huruma likihitajika, lije baadaye na lisimame peke yake.

Kwa anayeandika onyo, njia rahisi ni kutaja siku, kitendo na kanuni: "On Monday you left the warehouse gate unlocked, contrary to rule 7 of the staff handbook. This is a written warning." Neno "minor" halimo, na hakuna atakayeliulizia, kwa kuwa adhabu iliyotolewa imeshaonyesha kosa lilipimwa vipi.