Popo wa Maramagambo hawaumi. Kwa hiyo?

"Lakini popo hawa hawaumi, si tuvae barakoa tuingie pangoni kidogo tu?" Swali hili sasa limenichosha, hasa likiulizwa na mtu aliyekwisha kukunja suruali.

Pango la Chatu, msituni Maramagambo katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth nchini Uganda, lina makumi ya maelfu ya popo wala matunda wa Misri. Ndio wabebaji wa virusi vya Marburg, homa hatari iliyo ndugu ya Ebola, na wenyewe hawaugui. Virusi hutoka kwa mate, mkojo na kinyesi. Meno yanahusu nini hapo? Mtalii Mmarekani aliyeingia mwishoni mwa 2007 alikumbuka kushika mawe yenye kinyesi, tena alijiziba pua na mdomo kwa mkono sababu ya harufu. Aliugua Marburg, akapona. Mholanzi aliyeingia 2008 aliugua pia, akafariki.

Mkono ndio uliomponza yule wa kwanza? Siwezi kuapa, wala wataalamu hawaapi. Ukiwa chini ya popo, dari inadondosha, mawe yanateleza na utashika tu ukitaka usitake. Barakoa inaziba pua, macho je?

Halafu kuna wajanja wa kalenda. Popo hawa huzaa mara mbili kwa mwaka, na wanaobeba virusi zaidi ni vijana wa miezi sita hivi. Utafiti uliochapishwa 2012 ulionyesha hatari ikipanda katikati ya Juni hadi Septemba, na katikati ya Desemba hadi Machi. Kati ya matukio 65 ya binadamu kuambukizwa, 54 yaliangukia vipindi hivyo. Sasa fungua ratiba yako: si ndiyo miezi mikavu mnayoigombania wote? "Basi nije Aprili niingie." Hapana, ndugu yangu. Aprili popo wenye virusi hupungua, hawaishi. Kwa anayesimama kwenye chumba cha kutazamia popo, nje ya pango, msimu unabadilisha matope tu.

Na chumba hicho si adhabu. Popo wamejazana hadi mdomoni mwa pango, mchana kweupe, kwa hiyo darubini ya kawaida inakuonyesha hata wanavyosukumana. Zima flashi. Chatu huja kula popo, ila haji kwa oda, msimame kimya.

Matembezi ya msitu lipieni kwa UWA (Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda), mwende na askari wa hifadhi. Suruali ndefu, miguu yake uichomeke ndani ya soksi: siafu hawana simile.

Kama uliwahi kuingia pango lolote lenye popo, hata kule Mlima Elgon, halafu homa ikakupata ndani ya siku 21, usikae na watu ukinywa dawa za malaria. Piga simu hospitali kabla ya kwenda na useme wazi kwamba uliingia pangoni. Kipimo cha malaria kikitoka chanya, bado waambie.