Kura ya posta Marekani mwaka 2020: yaliyosemwa na yaliyo kweli

Tarehe 7 Aprili 2020, korona ikiwa imeshaanza kuua watu wengi Marekani, jimbo la Wisconsin lilifanya uchaguzi wa mchujo. Mji wa Milwaukee, uliozoea kuwa na vituo takribani 180, ulifungua vitano tu, kwa kuwa wasimamizi wengi waliogopa kuambukizwa. Watu walisimama foleni kwa saa nyingi wakiwa na barakoa. Kumlazimisha raia achague kati ya afya yake na kura yake ni kumwonea, na ndiyo maana majimbo mengi yalipanua kura ya posta na kura ya mapema kabla ya uchaguzi mkuu wa tarehe 3 Novemba. Hapo ndipo uvumi ulipoanza kumiminika, na mwingine unasambazwa hadi leo.

Dhana: Kura ya posta ilibuniwa kwa kisingizio cha korona

Wanajeshi wa Marekani walipiga kura wakiwa mbali na kwao mwaka 1864, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wananchi wa Oregon waliamua mwaka 1998 kwamba chaguzi zao ziendeshwe kwa posta, na baadaye Washington, Colorado na Utah zikafuata. Kilichobadilika mwaka 2020 ni wingi: takribani asilimia 43 ya wapiga kura walitumia posta, na kama robo nyingine walikwenda vituoni kabla ya siku yenyewe. Wazanzibari wanaijua kura ya mapema kuwa ni ya askari na watendaji wa uchaguzi. Kule, katika majimbo mengi, ni ya yeyote aliyejiandikisha. Donald Trump mwenyewe, aliyeishambulia sana kura ya posta, aliitumia katika mchujo wa Florida mwaka huohuo.

Dhana: Ni rahisi kuchakachua, unajaza karatasi za kura na kuzitumbukiza posta

Hebu tuifuate bahasha yenyewe. Inatumwa kwa mtu ambaye jina lake limo kwenye daftari la wapiga kura, na sehemu nyingi huwa na alama yake ya mistari, kama ile ya bidhaa za dukani. Mpiga kura anaweka alama kwenye karatasi, anaifunga, kisha anatia sahihi kwenye tamko lililo juu ya bahasha ya nje. Ikifika ofisini inasomwa kwa mashine, na daftari linaonyesha kwamba huyu ameshapiga. Akijaribu tena, au mwingine akijaribu kwa jina lake, mfumo unaonyesha. Majimbo mengi pia hulinganisha sahihi na ile iliyo kwenye kumbukumbu. Baada ya hapo ndipo kura inatenganishwa na bahasha yenye jina, ili isijulikane nani kamchagua nani. Karatasi elfu moja zisizo na bahasha za watu halisi hazifiki popote.

Wizi upo, na hakuna haja ya kuuficha. Mwaka 2018 huko North Carolina, mtu aliyefanya kazi katika kampeni ya mgombea wa Republican aliendesha mpango haramu wa kukusanya kura za posta. Aligundulika. Bodi ya uchaguzi ikakataa kuidhinisha matokeo ya ubunge wa wilaya hiyo aliyogombea na uchaguzi ukarudiwa. Tukija 2020, shirika la habari la AP lilichunguza majimbo sita yaliyoshindaniwa zaidi na kukuta kura za kutiliwa shaka chini ya 475 kati ya milioni 25.5 hivi. Na wale maelfu ya marehemu waliodaiwa kupiga kura Georgia? Uchunguzi wa jimbo ulipata wanne.

Dhana: Kura "zilizotokea" usiku wa manane ziliingizwa kinyemela

Uvumi huu ndio ulioleta madhara makubwa kuliko yote, na jibu lake limo kwenye sheria za kuhesabu. Florida iliruhusu maofisa kushughulikia bahasha wiki kadhaa kabla, kwa hiyo matokeo yake yalijulikana usiku uleule. Pennsylvania na Wisconsin zilikataza kufungua bahasha hata moja kabla ya saa moja asubuhi ya siku ya uchaguzi. Maofisa waliomba sheria ilegezwe. Mabunge ya majimbo hayo hayakufanya hivyo. Trump alikuwa amewahimiza wafuasi wake waende vituoni, huku wa mpinzani wake Joe Biden wakitumia posta zaidi. Kura za vituoni zikatangulia kuhesabiwa, na Trump akaonekana anaongoza Pennsylvania kwa zaidi ya laki 6. Bahasha zilipofunguliwa, pengo likaziba. Milwaukee nayo ilimaliza kuhesabu kura zake za posta alfajiri na kuzitangaza kwa mkupuo, zaidi ya 160,000. Zilikuwepo tangu mchana. Zilikuwa zinasubiri zamu.

Dhana: Ukishaitia posta, umemaliza

Kwangu hii ndiyo ya kuhofiwa kuliko hadithi zote za wapiga kura hewa, kwa sababu anayeumia ni raia mwaminifu. Katika mchujo wa Juni 2020, jiji la New York lilikataa zaidi ya kura 80,000 za posta, kwa makosa kama kusahau sahihi au bahasha kuchelewa. Pennsylvania inataka bahasha mbili, ya ndani ya siri inayoficha kura na ya nje yenye sahihi, na mahakama ya juu ya jimbo iliamua Septemba 2020 kwamba kura isiyo ndani ya ile ya siri haihesabiwi, hata kama mwenyewe amesaini kila mahali panapotakiwa. Baadhi ya majimbo humpigia simu mpiga kura aje arekebishe kosa. Mengine hayakuwa na utaratibu huo kabisa, na mtu aliendelea kuamini kwamba kura yake imehesabiwa.