Chuo hakiui imani: yanayosemwa kuhusu Wakristo vyuoni na yaliyo kweli

"Kijana akienda chuo, maprofesa watamtoa kwenye imani"

Hii ndiyo dhana inayowakosesha wazazi usingizi, na ndiyo inayohubiriwa sana kwenye ibada za kuwaaga wanafunzi. Hofu ya mzazi naielewa, ila mara nyingi inamtuhumu asiyehusika. Mwaka 2017 taasisi ya Lifeway Research ya Marekani iliwahoji vijana waliokuwa wakihudhuria kanisani walipokuwa sekondari. Asilimia 66 walisema waliacha kuhudhuria kwa mwaka mmoja au zaidi walipokuwa na umri wa kati ya miaka 18 na 22. Namba hiyo husomwa mimbarani kana kwamba ni ushahidi dhidi ya wahadhiri. Wachache huendelea kusoma hadi pale vijana wenyewe walipoulizwa sababu. Iliyotajwa na wengi zaidi, asilimia 34, ni kwamba walihamia chuoni na kuhudhuria kukaishia hapo. Asilimia 32 walisema waumini walionekana wanafiki au wepesi wa kuhukumu, na 29 hawakujiona kuwa karibu na watu wa kanisa lao.

Imani ya namna hii haikushindwa kwa hoja. Ilipoa kimyakimya. Nyumbani palikuwa na mtu wa kumwamsha, palikuwa na kiti alichokizoea na mwalimu wa kwaya ambaye angemuulizia asipoonekana. Chuoni hakuna hata kimoja cha hivyo. Jumapili ya kwanza amechoka na safari, ya pili hajui kanisa liko wapi, ya tatu ana kazi ya kukabidhi kesho yake asubuhi, na ikifika ya nne hakuna aliyegundua kwamba hayupo. Siku ya kuamua kuacha haikuwahi kufika.

Ndiyo maana nasema wiki za kwanza za mwaka wa kwanza zina uzito kuliko semina yoyote ya kujibu wasioamini. Mchungaji anayemuaga kijana awe ameshazungumza na kanisa moja lililo karibu na chuo, awe ametaja jina la kijana huyo, na mtu wa kule awe amempigia simu kabla ya Jumapili ya kwanza. Ni kazi ya dakika kumi tu, na inaniuma kuona inavyofanywa mara chache.

"Anayeuliza maswali ameanza kurudi nyuma"

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo tunapowapoteza wanafunzi wetu wenye akili pevu na moyo mnyofu. Kijana anasoma jiolojia au falsafa, anakutana na jambo asilolielewa, analileta kwenye kikundi cha Biblia, na jibu analopewa ni "omba tu, hilo ni jaribu la shetani." Anaomba kweli. Swali linabaki palepale, na safari hii limeongezewa aibu. Akija na swali lingine hatalileta kwetu.

Maandiko hayamtendei hivyo mwenye mashaka. Tomaso alisema waziwazi hataamini mpaka aone alama za misumari, na Yesu akaja akamwonyesha mikono yake. Yule baba katika Marko 9 alilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mwanawe akaponywa siku hiyohiyo. Waraka wa Yuda unaagiza wenye shaka wahurumiwe. Na watu wa Beroya, waliokuwa wakirudi kwenye maandiko kila siku kupima kama aliyoyasema Paulo ndivyo yalivyo, Luka anawasifu kuwa waungwana.

Ndani ya dhana hii imejificha nyingine, kwamba sayansi na imani ni maadui wa kuzaliwa. Mtu wa kwanza kuunganisha hesabu za Einstein na vipimo vya magalaksi, akaandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka, alikuwa padri wa Kikatoliki kutoka Ubelgiji, Georges Lemaître. Misingi ya somo la urithi wa viumbe iliwekwa na mtawa, Gregor Mendel, aliyechapisha matokeo ya majaribio yake ya njegere mwaka 1866. Mwanafunzi wa biolojia anastahili kuyajua haya. Anastahili pia kuambiwa ukweli usiopendeza: mwaka 1633 mahakama ya Kanisa ilimhukumu Galileo kwa kufundisha kwamba dunia inalizunguka jua, na Galileo ndiye aliyekuwa sahihi. Tukimficha mwanafunzi hilo, atalisikia kwingine, kisha atajiuliza ni mangapi mengine tuliyomficha.

Mlezi wa wanafunzi halazimiki kuwa na majibu yote. "Sijui, twende tukatafute" ni jibu la kiroho kabisa, mradi wiki inayofuata kweli mkatafute.

"Wanafunzi ni kanisa la kesho"

Husemwa kwa upendo, lakini huwaweka watu wazima wenye miaka ishirini na kitu kwenye benchi la kusubiri. Historia inaonyesha kwamba hawakusubiri. Mwaka 1729 Charles Wesley, akiwa mwanafunzi wa Oxford, alianza kukutana na wenzake wachache kusoma na kuomba. Kaka yake John akajiunga na kuwaongoza, na mwaka uliofuata walikuwa wakiwatembelea wafungwa gerezani. Wenzao waliwakebehi kwa jina la Wamethodisti. Mwaka 1806 wanafunzi watano wa Chuo cha Williams, Massachusetts, walikimbia mvua ya radi wakajikinga kando ya rundo la nyasi kavu, wakaombea mataifa ambayo hawajayaona. Kutokana na kundi hilo, mwaka 1810 ilizaliwa bodi ya umisheni ya Marekani, na mwaka 1812 wamisionari wake wa kwanza walikuwa majini kuelekea India. John Calvin, mwanatheolojia wa Matengenezo ya Kanisa, alikuwa na miaka 26 pale toleo la kwanza la kitabu chake kikuu cha theolojia lilipotoka, mwaka 1536.

Kwa hiyo Paulo alipomwandikia Timotheo "mtu awaye yote asiudharau ujana wako," hakuwa anambembeleza kijana. Sentensi hiyo inaendelea kumdai: awe kielelezo katika usemi, mwenendo, upendo, imani na usafi. Tunapowaachia wanafunzi kupanga viti na kuimba, huku kufundisha, kusimamia fedha na kutembelea wagonjwa kukibaki mikononi mwetu, tunakuwa tumekata sentensi ya Paulo katikati. IFES, umoja wa harakati za wanafunzi wa Kikristo duniani ulioanzishwa mwaka 1947, umeshikilia tangu mwanzo kwamba wanafunzi wenyewe ndio waongoze na mfanyakazi wa huduma asimame pembeni kama mshauri. Watakosea, ndiyo. Hata sisi tulikosea, tukasamehewa.

"Aliye moto kiroho hakosi mkutano hata mmoja"

Danieli na wenzake walipewa miaka mitatu ya kusomea maandishi na lugha ya Wakaldayo, na mfalme alipowahoji aliwaona bora mara kumi kuliko wataalamu wake. Kitabu hakisemi kwamba walifaulu kwa kuwa walikimbia darasa. Kiongozi wa ushirika anayekesha kwenye maombi siku nne mfululizo kisha anaurudia mtihani anahitaji mtu mzima wa kumwambia kwamba kusoma kwake pia ni ibada. Wajibu huo ni wetu, maana mara nyingi ratiba hiyo tuliipanga sisi.

"Mungu ataniambia wazi nisome nini, nifanye kazi gani, nimuoe nani"

Mstari unaobandikwa zaidi kwenye kuta za mabwenini ni Yeremia 29:11, ule wa mawazo ya amani na tumaini. Ni ahadi ya kweli. Ila iliandikwa kwenye barua kwa mateka wa Babeli, na mstari unaoutangulia unataja miaka 70. Wengi wa waliosomewa barua ile wangefia ugenini. Na walipewa la kufanya wakati huo: wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, wautakie amani mji walimohamishiwa. Sioni hapo ramani ya maisha ya mtu mmojammoja. Naona watu wanaoambiwa waishi vizuri pale walipo. Mwanafunzi anayesubiri sauti kabla ya kuchagua kozi anaweza kutumia hekima, ushauri wa waliomtangulia na uwezo aliopewa, na akawa bado ndani ya mapenzi ya Mungu.

Katika uchumba dhana hii huumiza. Kijana wa kiume, mara nyingi kiongozi, humwendea binti na kusema, "Bwana amenionyesha wewe ndiye mke wangu." Binti anaogopa kukataa asije akampinga Mungu. Dada yangu, unaweza kukataa, na hujatenda dhambi. Paulo akiandika kuhusu mjane anasema yu huru kuolewa na mtu amtakaye, katika Bwana tu. Neno "amtakaye" lipo hapo kwa sababu ridhaa ya mwanamke ni yake. Na ushirika wowote wenye viongozi wanaotumia maono kuwabana wanafunzi wa mwaka wa kwanza unatakiwa kuwaondoa kwenye uongozi, hata kama wanahubiri vizuri.

"Akihitimu akiwa ameokoka, kazi imekwisha"

Mwaka unaofuata kuhitimu ni mgumu karibu kama ule wa kwanza, na hauzungumzwi. Kwa miaka kadhaa kijana ameabudu na watu wa rika lake, nyimbo anazozipenda, mahubiri yanayomgusa. Ghafla yuko mji mwingine anatafuta kazi, Jumapili amekaa kati ya wazee na watoto wachanga, na hakuna anayejua kwamba aliwahi kuongoza watu mia mbili katika maombi. Wengine hulaumu kanisa kwamba limepoa, wakaacha.

Dawa yake huanza mapema, angali mwanafunzi. Pamoja na ushirika wa chuoni awe na kanisa la kawaida anakohudhuria: afundishe watoto, amsikilize bibi anayerudia ushuhuda uleule, azoee ibada ambayo haikupangwa kwa ajili yake. Na mlezi wake abaki na namba yake ya simu, ampigie mwezi wa kwanza baada ya mahafali, amuulize kama amepata kanisa. Akisema bado, amtafutie jina la mtu mmoja katika mji ule.