Watu wa Dar hawachoshwi na Brahms

Jumatano iliyopita nimeisikia tena. Tuko kwenye kikao cha kamati ya tamasha la muziki, ratiba iko mezani, mjumbe mmoja ninayemheshimu sana akaweka kidole juu ya jina la Brahms, mtunzi Mjerumani, akasema: "Mwalimu, hapa utawapoteza. Watu wametoka kwenye foleni tangu Ubungo, wana njaa, wana joto. Wape vitu vyepesi wachangamke. Hayo mazito waachie wenyewe Wazungu." Ni mara ya nne mwaka huu. Kila mara msemaji ni mwingine, maneno ni yaleyale. Pale kikaoni nilijibu kwa kifupi kwa sababu bado tulikuwa na suala la jenereta. Leo najibu kwa kirefu.

Tutenganishe maneno kwanza. Wimbo mwepesi, wimbo rahisi na wimbo uliozoeleka ni vitu vitatu, na kamati zetu zinavitia kapu moja. "Haleluya" ya Handel inahesabiwa kuwa nyepesi. Kwa lipi? Kwa sababu kila mtu aliyewahi kupita kwaya anaijua kwa moyo, basi. Muulizeni mwimbaji yeyote wa soprano kuhusu pale kwenye "Mfalme wa wafalme", anaposhikilia nota ndefu huku wenzake chini wanagonga "milele na milele", halafu anapanda ngazi, anashikilia tena, anapanda tena, pumzi imekwisha na ukurasa haujaisha. Na wimbo wenyewe umechomolewa kwenye "Messiah", kazi ya saa mbili na nusu hivi inayozungumza unabii, mateso, kifo na ufufuo. Ilipotolewa kwa mara ya kwanza Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, akina mama waliombwa wasije na sketi zenye pete za kutanulia na wanaume waache panga zao nyumbani, ili watu zaidi waenee ukumbini. Hiyo ndiyo kazi ambayo sisi tunaikata dakika nne tukaiita burudani.

Sasa hapa nitakaa kidogo, maana ndipo panaponiudhi kuliko kote.

Chukueni mwendo wa pili, yaani sehemu ya pili, wa simfoni ya 94 ya mtunzi Haydn, aliyoitoa London mwaka 1792. Wimbo wake mtoto wa chekechea anaushika: do do mi mi so so mi, fa fa re re ti ti so. Kamati nzima inaupenda, "huu ndio mwepesi, Mwalimu!" Njooni mazoezini muuone huo wepesi. Mstari unapigwa kwa sauti ya chini. Unarudiwa kwa sauti ya chini zaidi, ala za chini zikidonolewa kwa kidole badala ya upinde, na mwishoni orkestra yote pamoja na timpani, zile ngoma kubwa, inapiga kodi moja, nota nyingi kwa pamoja, kwa nguvu. Kishindo hicho ndicho watu wanachokikumbuka, na ndicho kazi ndogo kuliko zote. Mtu yeyote anaweza kupiga kelele. Kazi iko kwenye ule ukimya kabla yake: vayolini sita zinacheza kama moja, upinde unagusa waya kwa shida, hakuna pa kujificha. Ukikosea kwenye Brahms, mwenzako anakufunika. Ukikosea pale kwenye do do mi mi, hata muuza maji aliyesimama mlangoni amekusikia.

Na hali ya hewa yetu haisaidii. Machi ya Dar inavimbisha mbao, vigingi vinakwama, nyuzi zinalegea kwa joto. Unapanga sauti saa kumi na moja na nusu, saa kumi na mbili zimeshuka. Tamasha moja nilimtazama kijana wangu wa vayolini ya pili akiushusha upinde kwenye marudio yale ya chini, mkono unatetemeka, jasho linamdondokea kidevuni hadi kwenye mbao, na uzi wa nota "la" umeshateremka. Alipiga nusu ya mstari na kuiacha nusu nyingine. Alifanya sawa kabisa. Siku hiyo kwaya iliimba mambo mazito kwa saa nzima bila kuteleza, kilichotutoa jasho ni hicho kinachoitwa chepesi.

Kwa hiyo mkiniambia "weka vyepesi ili wanamuziki wapumzike", mjue mnaniomba niongeze siku za mazoezi.

Upande wa wasikilizaji. Hapo ndipo wanaponiambia kwamba masikio ya pwani hayakuzoea kukaa kimya mbele ya muziki usio na maneno wala wa kucheza. Jamani. Taarab asilia ilifunguliwa na nini siku zote? Bashraf! Kipande cha ala tupu, chenye asili ya Uturuki, kimepita Misri kikatufikia sisi, hakina hata neno moja, na watu wamekaa na kanzu zao na mabuibui yao wanasikiliza vayolini na ganuni, ala ya nyuzi nyingi, zikizungushana maqam, zile ngazi za sauti za Kiarabu. Kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kimeanzishwa Unguja mwaka 1905. Babu zetu walikuwa wanakaa na redio Alhamisi ya kwanza ya mwezi kumfuata mwimbaji Umm Kulthum kutoka Cairo, kwenye wimbo mmoja unaoweza kufika saa nzima, hadhira inamwomba arudie ubeti uleule. Na nyimbo zetu wenyewe zina mafumbo ambayo watu wanabishana maana yake wiki mbili. Hadhira ya namna hiyo unaiambia haiwezi dakika kumi za Brahms?

Tazameni pia utaratibu wa usiku wa taarab: bashraf kwanza, masikio yakiwa mapya. Kisha nyimbo. Mambo ya kunyanyuka na kutunza yanakuja baadaye. Wazee wetu hawakuchagua kati ya uzito na furaha, walijua kila kimoja kinakaa wapi. Ratiba nyingi za hapa mjini naziona zimegeuzwa: vichangamsho mwanzo, "ili watu waingie", na kile kizito kinasogezwa mwisho, saa tatu kasoro, mtu anawaza daladala ya mwisho ya Mbagala. Halafu akiondoka tunaandika kwenye taarifa kwamba watu hawapendi muziki mzito.

Uzito hauchoshi. Mpangilio mbaya unachosha, hata uwe wa bingwa. Tarehe 22 Desemba 1808 huko Vienna, Beethoven alitoa kwa usiku mmoja simfoni ya tano, ya sita, konseto ya nne ya piano, vipande vya misa na Fantasia ya kwaya juu yake. Kama saa nne, ukumbi baridi, mazoezi hayakutosha, na ile Fantasia ikavunjika katikati ikabidi ianzwe upya. Hakuna kwenye orodha ile kazi ya kutupa hata moja. Miaka mitano baadaye, tarehe 8 Desemba 1813, yuleyule na mji uleule, alitoa simfoni ya saba pamoja na kipande chake cha vita chenye mizinga na ngoma. Cha vita kilishangiliwa sana, nakubali. Lakini ule mwendo wa pili wa simfoni, wenye mwendo wa mazishi, watu waliutaka urudiwe palepale. Kizito na chepesi vilikaa ukumbi mmoja, na hadhira ikavitaka vyote viwili.

Kuna wenzangu wa upande wa pili nao, ingawa ni wachache hapa, wanaotaka tamasha liwe kama chumba cha mtihani. Mfano wao ni ile jumuiya ya mtunzi Schoenberg, ya Vienna, ya 1918: makofi marufuku, wakosoaji hawaingii, ratiba haitangazwi. Siutaki. Hadhira ya Dar ikipiga kigelegele katikati ya kazi, mimi nasimamisha mkono na kungoja kiishe. Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris mwaka 1778 akifurahi kwamba watu walipiga makofi palepale muziki ukiendelea, kwenye mahali alipokusudia. Ila jambo moja la Schoenberg nalichukua: walirudia kazi ngumu mara nyingi, ili sikio lizoee. Hilo ni akili.

Nirudi kwa Brahms wangu, aliyewekewa kidole. Mwendo wa kwanza wa Rekwiemu yake, kazi ya kwaya ya maombolezo, hauna vayolini hata moja. Alizinyamazisha kwa makusudi, kwenye nyuzi akabakiza zile za chini. Maneno ya mwanzo ni ya Mathayo: "Heri wenye huzuni, maana hao watafarijika." Aliyachagua kwa lugha ya watu wake badala ya Kilatini, kwa ajili ya walio hai waliofiwa. Nasi tuliwahi kuuimba kwa Kiswahili, kwa piano ya watu wawili, mpangilio ambao Brahms mwenyewe aliutengeneza. Neno la kwanza lilikaa vizuri mno: Kijerumani kinaanza "Selig", mkazo silabi ya kwanza, na "heri" ni hivyohivyo. Kulikuwa na nota ya ziada, tukaivuta "ri". Shida ilikuwa "huzuni": "hu" inaangukia kwenye nota ndefu yenye uzito, wakati mkazo wetu uko kwenye "zu". Tulibishana mazoezi mawili. Mwishowe niliwaambia waimbaji walegeze "hu" kama pumzi. Bado sijaridhika.

Siku ya tamasha hilo, katikati ya dakika zile kumi, meli ya Unguja ikapiga honi bandarini. Nota ya chini, ndefu, karibu sana na besi wetu. Hakuna aliyecheka. Tulipomaliza hakuna aliyepiga makofi, na mama mmoja wa safu ya mbele alikuwa ameweka ncha ya kanga mdomoni.

Nimeitumia siku hiyo kwenye vikao vingi kama ushahidi, na lazima niseme kuwa sina hakika nayo. Ukimya ule ulikuwa majonzi, au heshima ya kanisani, au joto? Mama yule nilimfuata baadaye kumpa pole, akaniambia tu, "Asante mwanangu," nikaona aibu kuuliza zaidi. Na mwaka mwingine niliweka moteti ya Bach, wimbo wa kwaya wa sauti nane, nikaona robo ya ukumbi ikitoka. Sijui kama ni Bach, au ni sisi, kwa sababu waimbaji wa tena ya pili, sauti ya juu ya wanaume, walipotea ukurasa wa tatu na hawakurudi. Halafu kuna wasiokuja kabisa. Ninaowasikia ni waliokata tiketi, na hao wengine siwezi kudai ninajua masikio yao yanataka nini.

Lakini shaka yangu hainipeleki kule kamati inakotaka. Ratiba nimeipeleka jana usiku na haina mabadiliko: Haydn anafungua, Brahms wa pili kabla ya mapumziko, akirudiwa mara moja mwendo wa kwanza. Baada ya mapumziko nyimbo zetu za nyumbani, tukifunga na Handel, watu wasimame, waimbe. Saa mbili na robo mtu yuko nje anatafuta usafiri.

Waimbaji wa besi na wa tena, Jumamosi saa nane mchana, kabla ya wengine. Tunaanza na "huzuni", ile "hu".