Hifadhi si kazi ya wenye digrii tu

Mwambie mzee wa Unguja kuwa mwanao anataka kazi ya kuhifadhi misitu na fukwe, atakuuliza: "Kasoma chuo gani?" Kama kwamba kazi hiyo ni ya mabwana misitu pekee. Si kweli. Kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, ambako matumbawe yalitangazwa hifadhi mwaka 1994, kilifundisha wavuvi kuwa walinzi. Hawakupewa bunduki, kazi yao ilikuwa kuzungumza na wavuvi wenzao, na nani mwengine angesikilizwa? Bamvua, yaani maji makubwa ya kujaa na kupwa, na mikondo walishaijua kabla ya semina yoyote. Kule Kidike, Pemba, wanakijiji wanalinda popo wakubwa, zamani kitoweo, na wageni hulipa kuwatazama. Cheti kinasaidia, sikatai, hasa kwenye ramani na ripoti.