Kirusi cha korona kina rangi gani hasa?

Februari 2020, David Goodsell alichora kirusi cha korona kwa rangi za maji: miiba ya waridi iliyokolea imetoka pande zote, katikati kumejaa nyuzi zilizojikunja. Mchoro unavutia kiasi cha kumsahaulisha mtu kwamba anatazama ugonjwa. Lakini waridi ile ilitoka wapi?

Aliichagua mwenyewe. Nuru tunayoiona ina mawimbi yenye urefu wa kati ya nanometa 400 na 700 hivi (nanometa ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na kirusi hicho kina upana wa takriban nanometa 100. Ni kidogo mno kwa nuru kutuonyesha umbo lake, sembuse rangi. Hadubini ya elektroni hukiona, ila kwa kuwa haitumii nuru, picha zake hutoka za kijivu. Zile za rangi mnazoziona zimepakwa baadaye.

Goodsell ni mwanabiolojia wa molekuli ambaye amefanya kazi katika taasisi ya Scripps Research, California. Anachokichora hajapata kukiona kwa macho, wala hakibuni. Umbo la kila protini hulitafuta katika hifadhi ya data ya protini iliyoanzishwa 1971, ambako watafiti huweka maumbo waliyoyapata kwa eksirei na hadubini za elektroni. Kisha husoma tafiti ajue protini hiyo iko wapi ndani ya seli, na kwa wingi gani. Brashi huja mwisho.

Michoro yake mingi hukuza vitu mara milioni moja. Kwa kipimo hicho kirusi cha korona hufikia sentimeta 10, na bakteria *Escherichia coli* angehitaji karatasi ya mita mbili, ndiyo maana huchorwa kipande tu. Katika mchoro wake wa bakteria huyo, ukuta ni wa kijani, ndani kuna buluu na zambarau, na eneo la DNA ni manjano na rangi ya chungwa. Jicho hujua mara moja linapotoka sehemu moja kuingia nyingine.

Kwangu mimi, ujuzi wake wa biolojia unajitokeza zaidi katika alichokiacha. Sehemu kubwa ya seli ni maji, karibu asilimia 70, lakini hayachori. Angeyachora, molekuli za maji zingefunika kila kitu, na tusingegundua jinsi protini zilivyobanana humo ndani.